Namna ya kukadiria miamala wakati mifumo ya malipo inabadilika: mwongozo kamili kutoka Dar es Salaam

Mwaka wa kwanza nilipopewa kazi ya kukadiria miamala katika benki moja hapa mjini (jina tuliache), nilifanya kile ambacho karibu kila mtu hufanya. Nilichukua jumla za miezi ishirini na nne, nikachora mstari kwenye Excel, nikauvuta mbele miezi kumi na miwili. Mstari ulipendeza na kamati ikaupitisha. Kisha ikaja Ijumaa moja ya mwisho wa mwezi, mishahara imeshaingia na sikukuu iko mlangoni. Saa kumi na moja jioni mfumo ukaanza kusuasua, na wateja wakawa wanapiga simu kabla hata taa nyekundu hazijawaka upande wetu. Tulipokuja kuhesabu jumla ya mwezi ule, ilikuwa karibu sawa na makadirio yangu. Nilikuwa nimepatia mwezi mzima nikakosea jioni moja, na jioni ile ndiyo niliyoitwa kujieleza.

Mwongozo huu ni kwa aliyekalia dawati kama lile: benki, kampuni ya simu, taasisi ndogo ya fedha, au kampuni inayounganisha wafanyabiashara na mifumo ya malipo. Hauhitaji shahada ya takwimu. Unahitaji uvumilivu wa kuuliza, kwa kila lundo la miamala, mtu huyu alilipa kwa sababu gani.

Hatua ya kwanza: jua ni mfumo upi unaoukadiria

Tanzania haina mfumo mmoja wa malipo baina ya benki. Upo TISS, ulioanza 2004 chini ya Benki Kuu, unaokamilisha malipo moja moja papo hapo, na ndio unaobeba fedha kubwa. Upo TACH wa mwaka 2015, unaopitisha hundi kwa picha na malipo yanayokwenda kwa mafungu. Na upo TIPS, ulioanza kazi 2021, wa malipo ya papo kwa papo kati ya benki na mitandao ya simu, mchana na usiku, Jumapili na sikukuu.

Kujumlisha miamala ya mifumo hii mitatu ni sawa na kuhesabu malori na bodaboda kwa idadi ya matairi. TISS ina miamala michache mizito, kwa hiyo swali lake kuu ni fedha: benki itahitaji salio kiasi gani, saa ngapi? TIPS ina miamala mingi myepesi, na swali lake ni mwendo: itakuwa mingapi kwa sekunde? TACH swali lake ni inapungua kwa kasi gani, na inahamia wapi. Andika kila mfumo kwenye karatasi yake, na juu ya karatasi andika kipimo chake: idadi, thamani, au vyote viwili. Usiendelee kabla ya hapo.

Kuna mtego mmoja hapa ambao umewanasa wengi. Kampuni za simu nchini zilianza kuunganisha pochi zao (akaunti za fedha kwenye simu) moja kwa moja tangu 2014, kampuni na kampuni. Mteja alikuwa anatuma kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine miaka mingi kabla ya swichi ya pamoja, yaani mtambo wa kati kama TIPS, kuwapo. Malipo hayo yanapohamishiwa kwenye swichi, takwimu za swichi zinaruka kama nchi nzima imegundua kitu kipya, wakati mteja wa Mbagala hajabadili chochote. Ukiichukua miezi ya kuhama ukaifanya msingi wa kasi ya ukuaji, utanunua seva za kuhudumia mzimu.

Hatua ya pili: kusanya data, na uwahesabu waliobaki kituoni

Nenda Kimara asubuhi saa kumi na mbili. Ukihesabu abiria wanaoingia kwenye mwendokasi, utapata idadi ya viti na nafasi za kusimama zilizokuwapo. Hutapata idadi ya watu waliotaka kusafiri, kwa sababu nusu yao bado wamesimama kituoni. Ripoti nyingi za miamala ziko hivyo hivyo: zinaonyesha iliyofanikiwa tu.

Omba kumbukumbu ghafi. Kwa kila jaribio unahitaji muda mpaka sekunde, kiasi, njia aliyotumia mteja (programu ya simu, menyu ya nyota isiyohitaji intaneti, wakala, tawi), taasisi inayopokea, matokeo, na kama imeshindikana, sababu yake. Hapo utayaona makundi mawili yasiyofanana. Waliokwama kwa salio dogo ni mahitaji ya kweli lakini si tatizo la uwezo wa mfumo. Waliokwama kwa sababu upande wa pili haukujibu ni mahitaji yaliyozuiwa, nao hurudi. Mtu akiona muamala “unasubiri” hubonyeza tena, mara nyingine mara tatu. Kwa hiyo siku mbaya ina sura mbili za uongo: iliyofanikiwa inaonyesha pungufu, majaribio yanaonyesha ziada. Unganisha majaribio ya mteja yule yule, kiasi kile kile, kwa mpokeaji yule yule ndani ya dakika kumi, uyahesabu kuwa nia moja. Nia ndiyo unayoikadiria. Majaribio utayahitaji baadaye, tukifika kwenye uwezo wa mfumo.

Na jambo dogo ambalo limewahi kuniharibia wiki mbili: hakikisha saa za mifumo zinalingana. Seva moja ikiwa inaandika muda wa Greenwich na nyingine muda wa hapa, kilele chako cha jioni kitajitokeza saa nane mchana, na utatafuta maelezo ya kijamii ya kitu ambacho ni tofauti ya saa tatu.

Hatua ya tatu: gawa kwa sababu, si kwa njia

Hapa ndipo kazi ilipo.

Mifumo hubadilika lakini sababu za kulipa hubadilika taratibu sana. Watu wataendelea kulipwa mishahara, kupeleka fedha kwa wazazi, kulipa ada Januari, kununua mzigo, kulipa kodi. Orodhesha sababu kuu za wateja wako kisha ujiulize kila moja inapita wapi leo na itapita wapi baada ya mabadiliko. Malipo ya serikali, kwa mfano, tangu 2017 yanakwenda kwa kontroo namba kupitia GePG, lango la serikali la kupokea malipo. Yana tarehe zake na hayafuati hisia za soko. Kutumiana nyumbani kunafuata mshahara kwa siku moja au mbili. Manunuzi ya dukani kwa lipa namba yanafuata foleni ya duka.

Kwa kila sababu, fedha zitakazoingia kwenye mfumo mpya zinatoka katika vyanzo vinne, na kila kimoja kina mwendo wake.

Kuna waliohamishwa. Hawa hawakuamua chochote, taasisi zao ziliamua. Wanaingia kwa siku moja, kama maji bomba linapofunguliwa. Kuwakadiria ni kazi ya kalenda ya mradi: benki gani inaunganishwa lini, na ina wateja wangapi wanaofanya malipo ya aina hiyo. Uliza watu wa mradi, si takwimu, kisha uongeze ucheleweshaji, kwa sababu sijawahi kuona ratiba ya kuunganisha mifumo iliyotimia kwa tarehe yake ya kwanza.

Kuna waliotoka kwenye hundi na mafungu. Hawa ni kampuni, na huhama pale mhasibu anapobadili programu yake, mara nyingi mwanzoni mwa mwaka wa fedha.

Kuna waliotoka kwenye taslimu. Hawa ndio wengi na ndio wagumu, kwa kuwa fedha taslimu haiachi kumbukumbu. Njia ninayoiamini ni kuangalia miamala ya kutoa fedha kwa wakala. Mtu anayepokea laki mbili kwenye simu na kuzitoa zote ndani ya saa moja anakwambia kwamba malipo yake yanayofuata ni ya taslimu. Anapoanza kuacha elfu hamsini ndani ya pochi, ameanza kuhama. Fuatilia sehemu inayobaki siku tatu baada ya kupokea, nayo itakupa dalili miezi kadhaa kabla ya idadi ya malipo kupanda.

Na kuna yaliyogawanyika. Nilikaa siku nzima na mama mmoja anayeuza vitenge mtaa wa Kongo, Kariakoo. Zamani alimlipa mwenye mzigo mara moja kwa wiki, milioni tatu, kwa kwenda benki, kwa sababu safari ya benki ilimla nusu siku. Nilipomuuliza siku hizi analipaje, akanicheka. “Mwanangu, nikiuza nalipa. Kwa nini nilale na hela ya mtu?” Sasa anatuma laki tano tano, mara sita kwa wiki. Thamani haikuongezeka hata shilingi, idadi imekuwa mara sita. Makadirio yanayogawa thamani ya jumla kwa wastani wa zamani wa muamala yatakosea hapa kwa kiasi cha kutisha, na yatakosea upande wa chini. Ndiyo maana wastani wa thamani kwa muamala lazima nao ukadiriwe, ukishuka mwaka hadi mwaka. Usiubebe tu kama ulivyoukuta.

Hatua ya nne: kalenda mbili, si moja

Dar es Salaam inaishi kwa kalenda mbili. Ya jua ina mishahara ya wiki ya mwisho wa mwezi, kodi ya mishahara ifikapo tarehe 7, VAT ifikapo tarehe 20, awamu za kodi ya mapato kila robo mwaka kwa kampuni zinazofunga hesabu Desemba, mwisho wa mwaka wa serikali tarehe 30 Juni, ada za Januari, Krismasi. Ya mwezi mwandamo inarudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka.

Idd el-Fitr ya 2024 iliangukia tarehe 10 Aprili. Ya 2025 ilikuja mwishoni kabisa mwa Machi, ikakutana na mishahara na mwisho wa robo mwaka. Anayelinganisha Aprili na Aprili ataona biashara imeporomoka, anayelinganisha Machi na Machi ataona muujiza. Kwenye jedwali lako weka safu ya “siku kabla au baada ya Idd” kwa sikukuu zote mbili, na safu ya “siku tangu mshahara”, kisha ruhusu zizidishane zinapokutana. Ramadhani nayo hubadili umbo la siku: jioni kuna bonde wakati wa kufuturu, kisha mwendo unarudi usiku kwa namna ambayo haionekani mwezi mwingine wowote.

Wateja wako wakiwa Mtwara na Lindi, ongeza safu ya minada ya korosho kuanzia Oktoba. Hayo ni malipo makubwa yanayoingia kwenye akaunti za wakulima kwa vipindi, na siku mbili baadaye yanatawanyika vipande vidogo vidogo.

Hatua ya tano: bei na mishtuko

Tarehe 15 Julai 2021 ilianza kutozwa tozo ya miamala ya simu, kati ya shilingi 10 na 10,000 kulingana na kiasi. Septemba mwaka huo huo ikapunguzwa kwa asilimia 30, na ikapunguzwa tena mwaka uliofuata. Aliyekuwa na makadirio ya Juni aliyatupa. Kwa mkadiriaji kipindi kile ni dhahabu, kwa sababu ni nadra kuona bei ikipanda na kushuka nchi nzima ndani ya miezi michache.

Gawa miamala kwa viwango vya kiasi vinavyofuata jedwali la ada, si viwango vya namba za mviringo. Utaona watu wamejazana chini kidogo ya kila mpaka wa ada, na juu yake kuna uwazi. Ada mpya ikitangazwa, usiulize “mahitaji yatapungua kwa asilimia ngapi”. Uliza kila kiwango kina njia gani nyingine. Anayetuma elfu tano kwa jirani anaweza kuvuka barabara akampa mkononi. Anayemtumia mzazi Songea hana njia hiyo, labda dereva wa basi.

Mishtuko mingine haihusu bei. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini zilikatika na intaneti ikadorora nchi kadhaa za Afrika Mashariki. Siku kama hiyo nia ya kulipa haifi, inahama kutoka programu za simu kwenda menyu ya nyota. Kwa hiyo uwezo wa menyu ya nyota haukadiriwi kwa mwenendo wake wa kawaida unaoshuka. Ukadirie kama jenereta, kwa siku umeme unapokatika.

Kwa nje, angalia nchi mbili lakini usiazime namba zao. Brazil ilianzisha Pix, mfumo wake wa malipo ya papo kwa papo, Novemba 2020. Benki kuu yake ililazimisha taasisi zenye akaunti zaidi ya 500,000 kujiunga, na watu binafsi kwa kawaida hawatozwi kutuma. India ilianza UPI, mfumo wake wa aina hiyo hiyo, mwaka 2016, na Novemba mwaka huo huo serikali ikafuta noti za rupia 500 na 1,000. Azima sababu: kulazimishwa kujiunga, bei, mshtuko wa taslimu. Ukiona mojawapo inakuja hapa, badili makadirio siku hiyo hiyo.

Hatua ya sita: mkunjo wa ukuaji

Mfumo mpya haukui kwa mstari ulionyooka. Unaanza polepole, unapaa, kisha unatulia, kama herufi S iliyolazwa. Frank Bass, msomi wa masoko, aliueleza mwaka 1969 kwa watu wa aina mbili: wanaoanza wenyewe na wanaoanza kwa kuwaona wengine. Kwenye malipo kundi la pili lina nguvu kuliko kwenye redio au friji, kwa sababu hulipi peke yako, mpokeaji lazima awemo.

Unahitaji namba tatu: dari, kasi, na lini utakuwa katikati. Kosa la kawaida ni kuiachia kompyuta itafute dari kutokana na data ya mwaka mmoja. Data ya mwaka mmoja inaona mwanzo wa S tu, na dari yoyote inaiafiki. Dari itoe kwenye hatua ya tatu: jumlisha sababu, kisha amua ni sehemu gani ya kila sababu inaweza kufika kwenye mfumo huu. Kasi na katikati ndiyo uiachie data. Tengeneza hali tatu, ya chini, ya kati na ya juu, na kwa kila moja andika sentensi ya kinachopaswa kutokea ili iwe kweli. Hali isiyo na sentensi ni namba iliyonenepeshwa kwa asilimia kumi.

Hatua ya saba: kutoka mwaka hadi sekunde

Tuchukue benki ya kufikirika yenye wastani wa miamala 40,000 ya papo kwa papo kwa siku. Siku ina sekunde 86,400, kwa hiyo wastani ni chini ya muamala mmoja kila sekunde mbili. Seva yoyote ya mkopo itatosha, si ndiyo?

Sasa siku ya mshahara ni mara mbili na nusu: 100,000. Saa yenye shughuli nyingi inabeba asilimia 12 ya siku: 12,000, yaani kama 3.3 kwa sekunde. Ndani ya saa hiyo dakika mbaya ni mara mbili ya dakika ya kawaida: 6.7 kwa sekunde. Tayari ni zaidi ya mara kumi na nne ya wastani. Kisha kila muamala si ujumbe mmoja: kuna kuhakiki jina la mpokeaji, kutuma, kujibiwa, kuandika kwenye akaunti, kutuma SMS. Ukiweka jumbe tano, ni 33 kwa sekunde. Upande wa pili ukichelewa na theluthi moja ya watu wakabonyeza tena, unapita 40, na hapo ndipo ucheleweshaji unapozaa ucheleweshaji. Vizidisho hivi vipime kwenye kumbukumbu zako mwenyewe, kila kimoja peke yake. Vyangu ni vya mfano.

Foleni ina tabia moja ambayo wakubwa hawaipendi: mfumo unaotumika kwa asilimia 50 na ule wa asilimia 70 huonekana sawa kwa mteja, lakini kati ya 85 na 95 kusubiri kunapanda ghafla. Kwa hiyo uwezo unaouomba uzidi kilele ulichokadiria, usilingane nacho tu. Ukiambiwa unatia chumvi, wapeleke Kimara.

Hatua ya nane: ukwasi wa wikiendi

Ukwasi, yaani fedha iliyo tayari kutumika, husahaulika kwa kuwa unakaa idara ya hazina, si ya teknolojia. Mteja analipwa papo hapo hata Jumapili usiku, lakini benki hazina njia zote za kupata fedha Jumapili usiku. Unachotenga Ijumaa ndicho utakachokuwa nacho mpaka mifumo ya siku za kazi ifunguliwe.

Benki inayopokea mishahara mingi hutokwa na fedha kuelekea pochi za simu, kisha sehemu yake hurudi kupitia wafanyabiashara na mawakala. Usikadirie tofauti ya Ijumaa na Jumatatu pekee. Kadiria shimo, yaani mahali salio lilipofika chini kabisa katikati ya safari. Benki inaweza kuanza na bilioni 10 na kumaliza na bilioni 7, lakini Jumamosi saa nne usiku ilikuwa imebaki na bilioni 1. Anayeangalia mwisho ataona zimetoka tatu, lakini shimo lilikuwa la tisa. Kusanya mashimo ya wikiendi zote za miaka miwili, yapange kwa kina, zitenge za mshahara na za sikukuu, uchukue lile lililozidiwa na moja tu kati ya mia. Kama wikiendi zako hazifiki mia, chukua lenye kina kuliko yote uongeze kitu.

Mzee mmoja wa hazina aliwahi kunisikiliza nikimweleza haya kwa grafu sita. Akaniuliza jambo moja: “Kijana, mwezi ukiandama Ijumaa je, na ukiandama Jumamosi je?” Sikuwa na jibu. Tangu siku hiyo kila sikukuu inayotegemea mwezi naiandikia makadirio mawili, na hazina hutenga kwa lile baya.

Hatua ya tisa: jaribu, kosea, andika

Ficha miezi mitatu ya mwisho, kadiria kana kwamba hujaiona, kisha linganisha. Shindana na mbinu ya mvivu: siku kama hii mwaka jana, mara ukuaji wa karibuni. Kama mtambo wako wa kisasa haumshindi mvivu, mtumie mvivu. Usipime kosa la wastani peke yake. Kukosea juu kunagharimu seva zilizokaa bure au fedha zilizolala, kukosea chini kunagharimu Ijumaa kama ile yangu, na gharama hizi mbili hazilingani. Yape makosa ya chini uzito mkubwa zaidi, na uandike uzito huo kabla ya kuona matokeo.

Kila mwezi, juma la kwanza, fungua daftari moja lenye safu tatu: nilisema nini, ikawa nini, na kwa nini. Safu ya tatu ijazwe kwa maneno, na neno “msimu” lisikubaliwe peke yake. Daftari langu la sasa lina kurasa arobaini na kitu. Jina linalojirudia kuliko yote kwenye safu ile ni la benki iliyosema itaunganishwa Machi ikaunganishwa Septemba.